Kijiji Kilichokufa kwa Adabu

Kijiji cha kwanza nilichokisimamia kilikufa kwa adabu. Asubuhi kilikuwa kizima, wanawake wanatoka majumbani kwenda kuteka maji. Kabla chai yangu haijapoa, wote walikuwa wamesimama njiani kama miti, hakuna anayekwenda mbele wala anayerudi. Chanzo kilikuwa wawili waliokutana kwenye kijia. Tulikuwa tumewafundisha kwamba mdogo ndiye humwamkia mkubwa, na hao wawili walikuwa marika. Kila mmoja akamngoja mwenzake aanze. Nyuma yao wakaja wengine, wasiweze kupita bila kusalimu, na wale wa mbele wasiweze kuwaitikia kwa kuwa salamu yao wenyewe ilikuwa haijaisha. Kijiji kizima kikafa kiu kwa heshima.

Msishtuke, wajukuu zangu. Watu hao walikuwa nukta tu kwenye kioo cha kompyuta, katika chumba cha nyuma pale Mbinga mjini, na kazi yangu ilikuwa kuwatazama. Nataka niwasimulie kazi hiyo, maana mnadhani sisi wazee wenu tulijua kahawa na usipa, dagaa wa ziwa letu, peke yake. Tena kila mmoja wenu siku hizi ana kompyuta mfukoni na anaitumia kutazama mpira.

Shule niliiacha darasa la tano. Hakuna aliyenifukuza, miguu yangu tu haikukubali kukaa chini ya dawati. Nilikuwa utingo wa lori la kahawa. Nilipandisha magunia ya usipa mkavu kutoka ziwani hadi milimani, nikanuka samaki mpaka kanisani watu wakaniachia benchi zima. Nilitengeneza redio Litembo. Nililima ngolo za watu huko Ukata, yale mashimo yetu ya mteremkoni, mpaka mgongo ukasema basi. Kila mahali nilikaa hadi nilipoelewa mambo yanavyokwenda, kisha nikaondoka. Marehemu mama alikuwa akiwaambia majirani, "Damas wangu si mvivu, ni mdadisi tu, na udadisi haumpi mtu shamba."

Soko huria lilipoingia, Mbinga ilibadilika usoni. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuja na magari yao na mizani zao, mitumba ikamwagwa chini sokoni, na vibanda vya video vikaota kama uyoga. Kimoja kati ya hivyo kilinipa kazi ya kuendesha jenereta. Hiyo jenereta ndiyo iliyonifikisha kwenye elimu.

Siku moja aliingia dada mmoja mrefu, miwani usoni, viatu vimejaa udongo mwekundu, akauliza kama kuna mtu anayeweza kuitazama jenereta yake inayokohoa. Nikaenda. Niliikuta imefungwa kwenye kompyuta kubwa kama sanduku la bibi harusi, na kwenye kioo kuna nukta zinatembea. Nikasafisha kabureta, jenereta ikanyamaza kukohoa, lakini mimi sikuondoka. Nikauliza zile nukta ni wadudu gani.

"Ni watu," akasema. "Wanakwenda bombani."

"Mbona hawazungumzi?"

Akanigeukia. "Hilo ndilo tatizo langu, kaka. Kaa kwenye kiti."

Huyo ndiye Dada Skola. Jina lake la ubatizo ni Skolastika, mzaliwa wa upande wa Litembo, aliyesoma hadi chuo kikuu kisha akarudi na sanduku lile. Alitaka kujua jinsi mambo madogo ya kila siku, kama kusalimiana, kupishana njiani na kupanga foleni, yanavyojikusanya yakawa jambo kubwa. Huwezi kukijaribu kijiji cha kweli, ukawaambia watu wahame hapa wakae pale, uone kitakachotokea. Kwa hiyo unajenga kijiji kwenye kompyuta, unampa kila mtu wake nyumba, umri na desturi chache, halafu unawaachia. Ukiona wanayofanya yanafanana na ya watu halisi, unaanza kuwauliza maswali. Kuna wanaotabiri mvua. Sisi tulitabiri salamu.

Programu aliandika yeye. Mimi nilikuwa miguu na macho yake. Nilikwenda kukaa njiapanda na visimani, nirudi na habari za watu wanavyofanya. Na hapa niwape ujuzi ambao hamtaupata darasani. Ukitaka kutazama watu, shika kazi mkononi. Mtu asiye na kazi anatazamwa yeye. Mimi nilibeba redio mbovu. Nilikaa nayo kando ya njia nikiifungua na kuifunga, na watu wakapita wakiwa wao. Jambo la pili, usimuulize mtu kwa nini anafanya anavyofanya, maana atakutungia sababu nzuri. Muulize jana alipita wapi, na juzi je.

Pia tulikuwa na mkeka. Mafuta ya jenereta yakiisha, Dada Skola alitandika mkeka sakafuni, tukawa tunasogeza maharage na mahindi kwa mkono. Harage ni mzee, punje ya hindi ni kijana, kifuniko cha soda ni bomba. Makosa mengi tuliyaona kwenye mkeka kabla ya kompyuta kuyaona. Usidharau mkeka. Kasoro yake ni moja tu: kuku wa jirani aliwahi kuingia akala wazee wote.

Kile kijiji kilichokufa kwa adabu tulikifufua kwa njia hiyohiyo. Nilikwenda na redio yangu kwenye njia ya mteremko, nikawatazama marika wanavyokutana. Siku ya kwanza sikuona kitu. Baadaye nikaona jambo dogo ambalo nimelifanya maisha yangu yote bila kujua: asiye na mzigo ndiye anayeanza. Mwenye gunia kichwani anaachiwa njia na anaanzwa kusalimiwa, naye anaitikia akiwa anakwenda. Dada Skola akaliandika, nukta zikatembea. Tukashangilia mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kama tumeshinda bahati nasibu.

Kosa letu jingine lilikuwa tamu zaidi. Niliona wanawake wanapenda kuzungumza bombani, nikashauri tuwaongezee nukta zetu hamu ya maongezi. Tukaongeza mno. Walikwenda kuteka maji wasirudi tena; wakabaki hapo wanapiga soga, na kila aliyetumwa kuwaita naye akabaki. Dada Skola alisema kijiji hicho anakifahamu, ni cha shangazi yake.

Sasa nifike kwenye maji ya Lipingo, maana hapo ndipo kazi yetu ilipopimwa.

Upande wa Lipingo, mwambaoni mwa ziwa, palikuwa na kitongoji ambacho watu wake walikunywa maji ya ziwa. Kila masika kipindupindu kilikuja kubisha hodi, na hakikuondoka mikono mitupu. Mradi mmoja wa maji ukakubali kuleta bomba kutoka chemchemi ya mlimani. Lakini mradi huo ulikuwa na uchungu wake. Huko juu, kijiji kimoja cha milimani kilikuwa kimepewa mabomba matatu, na moja kati ya hayo watu walilikimbia. Maji mazuri yalitiririka hapo, na walioyafuata walikuwa vyura peke yao. Kwa hiyo mhandisi wa mradi, ambaye sote tulimwita Injinia, alikuja kwa Dada Skola na neno moja. Kama bomba la Lipingo nalo litakimbiwa, ni heri alijue sasa, apeleke mabomba kijiji kingine kilichokuwa kinayaomba.

Injinia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyewahi kujenga kitu kizuri kikatelekezwa, na jambo hilo linamkausha mtu.

Pa kuliweka bomba la Lipingo palikuwa mahali pamoja tu. Mwamba ulijaa kila upande, na bomba lingeweza kufika chini kwenye uwanda mdogo ambapo nyavu hukaushwa. Tulipima njia zote, tukaingiza nyumba zote kwenye kompyuta, tukawaachia watu wetu. Wote wakaenda bombani, hata mmoja hakwenda ziwani. Tukateremka Lipingo na habari hiyo njema.

Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa Mama Eufrasia, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele. Alitusikiliza hadi mwisho, akiwa anachambua usipa kwenye ungo.

"Hao watu wenu wa kwenye sanduku," akauliza, "wana shingo?"

Nikasema ni nukta, hazina shingo.

"Ndiyo maana. Damas, chukua hii ndoo. Nenda ziwani, jaza, jitwike, pita uwanda wa nyavu, uniletee hapa."

Mwajua mwanaume kwetu hubeba maji kwa baiskeli au begani. Kichwani hapana. Lakini mimi ni mdadisi, na mdadisi hana aibu. Nikateka, wanawake wawili wakanitwika huku wakicheka hadi wakashikana. Nikaondoka, maji yakinimwagikia masikioni, na watu wakatoka majumbani kuangalia. Mmoja akaniuliza mahari yangu nataka ng'ombe wangapi.

Pale uwandani walikaa wazee wakishona nyavu, kama wanavyokaa siku zote, na mkubwa wao ni Mzee Hyasinti. Nilipofika mbele yao nikasema shikamooni bila kusimama. Kimya. Nyuma yangu Mama Eufrasia akapiga kelele: "Si hivyo. Wewe sasa ni mke wa watu. Tua ndoo, piga goti, wasalimu baba wakwe zako."

Nikatua ndoo, nusu ya maji yakaenda. Nikapiga goti, nikaamkia, wakaitikia mmoja mmoja, wakaniuliza habari za nyumbani, watoto, na muhogo shambani. Kisha nikainuka nijitwike tena, nikagundua kwamba ndoo iliyojaa huwezi kujitwika peke yako. Wanaume wale wasingeweza kumtwika mke wa mtoto wao. Nikasimama nayo mikononi kama mtu aliyeokota mtoto. Wazee walikuwa wanacheka sana wasiweze hata kushona.

"Umeona?" Mama Eufrasia akaniambia nilipofika kwake na maji ya kunawia uso. "Kwenda pale ni bure, ndoo tupu, unaamkia unapita. Kurudi ndiko kunakoua. Tutapitia kule mawe yalipo, tuteke ziwani kama zamani. Wala hakuna atakayekwambia ni kwa sababu gani, maana nani atasema kwamba anamkwepa baba mkwe?"

Dada Skola alikaa juu ya jiwe, akavua miwani. Alisema utotoni mwake alizunguka kilima kizima na ndoo ili asipite pale wanaume wa ukoo wanapokula sengu, chakula chao cha pamoja. Alizunguka miaka yote hiyo, na alipokuwa anaandika programu yake hakukumbuka, kwa kuwa jambo hilo liliishi shingoni na hakuna aliyewahi kulitia katika maneno.

Tulirudi Mbinga tukalifanyia kazi jambo hilo. Tukawapa watu wetu shingo. Mwenye ndoo iliyojaa akikutana na wakwe, atue, aamkie, angoje wa kumtwika. Na akichoka na njia moja, ajaribu nyingine. Kisha Dada Skola akamwita Injinia, akamwambia tutajaribu kwa kile kijiji chake cha milimani. Tuliingiza nyumba, njia, na mahali wanaume wanapokula. Bomba lililokimbiwa hatukuiambia kompyuta, wala sisi wenyewe hatukulijua. Alilijua yeye peke yake.

Injinia alisimama nyuma ya kiti changu, nikihisi pumzi yake kichwani. Nukta za kijani zikaanza kwenda. Mwanzo zilijigawa kwenye mabomba yote matatu sawasawa, na nikaona mabega ya Dada Skola yakishuka. Halafu moja ikazunguka. Nyingine ikaifuata. Bomba la kati, lililo karibu na nyumba nyingi kuliko yote lakini mbele ya mahali wanaume wanapokula, likaanza kupoteza watu, kidogo kidogo, hadi likabaki peke yake kama mtu mwenye harufu ya usipa kanisani.

 Injinia alinyoosha kidole akagusa kioo.

"Ndilo hilo," akasema. "Pale pameota maboga sasa."

Dada Skola, mwanamke wa chuo kikuu, alifunga khanga kiunoni akacheza chioda, ngoma ya wanawake wa kwetu, kuzunguka jenereta. Mimi nilipiga ndoo. Nimeona mengi katika kutangatanga kwangu, lakini sijaona tena nukta zisizojua kitu zikisema ukweli uliokuwa umefichwa na kijiji kizima.

Furaha ile ilidumu mpaka Injinia alipokaa chini. Alisema sasa anatuamini, na kwa kuwa anatuamini, bomba la Lipingo hatalijenga. Wiki iliyofuata angepeleka mabomba kwingine. Tulikuwa tumethibitisha vizuri mno.

Dada Skola aliomba kitu kimoja: kabla ya kuhamisha mabomba, kijiji kikaonyeshwe. Injinia akakubali, ingawa alisema wazee hawajawahi kuhamishwa na kioo.

Tukapakia kompyuta kwenye gari la mradi, imefungwa kwa magodoro, na mimi nikaikumbatia kwenye zile kona zote za kuteremkia ziwani. Tukaiweka mezani pale pale uwandani, katikati ya nyavu, jenereta ikinguruma kando. Watu wote walikuja. Wazee wakapewa viti vya mbele. Dada Skola akaeleza kwa upole: hizi ni nyumba zenu, hili ni ziwa, hili ni bomba linalokuja. Kijani ni wanawake. Hakueleza nukta moja nyekundu iliyokaa uwandani.

Nukta za kijani zikashuka bombani, zikateka, zikaanza kurudi. Zilipofika karibu na ile nyekundu zikasimama, zikakaa, zikakaa. Muda si mrefu zikaanza kuzungukia mawe, zikaliacha bomba, zikarudi ziwani. Wanawake nyuma walianza kugusana viwiko. Kila mmoja alijiona.

Mzee Hyasinti akainama mbele. "Huyu mwekundu," akauliza, "ambaye kila anayemwona anakimbia, ni nani? Ni mchawi?"

 Dada Skola alinitazama, nami nikatazama nyavu. Mwishowe Mama Eufrasia akasema kutoka nyuma, kwa heshima yote, "Ni wewe, baba."

Niliwaza tumekwisha. Mzee yule alikuwa amezika wajukuu wawili masika iliyopita. Alikitazama kioo, mkono wake ukiwa juu ya wavu. Mzee mwenzake akasema wao basi wahamie pengine, na mwingine akauliza wahamie wapi, juu ya mwamba kama pelele?

"Mwanangu," Mzee Hyasinti akamwambia Dada Skola, "hao watu wako, marika wakikutana njiani, nani anaanza?"

"Asiye na mzigo, baba."

"Asiye na mzigo." Akacheka kwa pua. "Kumbe watoto wanajua, wazee tu ndio hatujui. Haya, mwambie huyo mwekundu aanze yeye. Akiona maji kichwani, aseme pole na maji. Mwanamke aitikie anakwenda. Goti atalipiga siku nyingine, akiwa na mikono mitupu."

Kulikuwa na minong'ono. Mzee mmoja akauliza toka lini mkubwa akamwanza mdogo. Mzee Hyasinti akamjibu, "Simwamkii yeye. Nayaamkia maji."

Dada Skola aliketi akaandika pale pale, watu wote wakingoja kama wanangoja matokeo ya mtihani. Kisha akawaachia. Kijani zikashuka, zikateka, zikarudi. Zikaifikia nyekundu. Hazikusimama. Moja ikapita, ya pili ikapita, na mara njia nzima ikawa inatiririka kama unga unaotoka kinuni. Ziwani hakubaki mtu.

Injinia alivua kofia yake. "Nitaleta mabomba," akasema, na hayo ndiyo maneno matamu kuliko yote niliyowahi kumsikia msomi akiyasema. Vigelegele vilivyofuata viliizima sauti ya jenereta. Vijana wakatoa ngoma, mganda ukachezwa kwenye uwanda ule hadi nyavu zikaanguka, na Mama Eufrasia akanivika ile ndoo kichwani kama taji.

Bomba lilijengwa. Masika iliyofuata kipindupindu kilipita barabarani, hakikuingia. Dada Skola aliendelea na kazi yake katika vijiji vingine, nami nikabeba redio yangu mbovu nyuma yake miaka mingi, hadi magoti yalipoomba kupumzika. Siku hizi watafiti huja na kompyuta nyembamba kama sahani, watu wao wa kwenye kioo wana sura na nguo. Huwa nawauliza swali moja tu, lile la Mama Eufrasia: wana shingo?

Miguu yangu hatimaye ilikubali kukaa, na mahali ilipochagua ni Lipingo. Mzee Hyasinti hayupo tena. Kwenye uwanda wa nyavu mzee wa viti vya mbele sasa ni mimi. Jana alipita binti mmoja, mke mpya kutoka Mbinga, ndoo imejaa hadi mdomoni. Aliponiona akapunguza mwendo, nikaona magoti yake yanatafuta ardhi.

"Pole na maji, mwanangu," nikawahi.

"Asante, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Pita."

Akapita, na hata tone moja halikumwagika.